SOMO LA ROBO HII: KUSOMA MAJIBU YA DAMU YA MBWA MWENYE MARADHI YA KUPE

Wapendwa wanakamati wa sharika na wafadhili wetu,

Katika toleo hili, ukurasa wa mafunzo unamhusu mnyama ambaye mara nyingi husahaulika katika maandiko ya miradi yetu, yaani mbwa. Tumezoea kuandika juu ya ng'ombe wa maziwa, mbuzi na kuku, kwa sababu faida yao huonekana kwenye ndoo na sokoni. Hata hivyo, mbwa naye ana kazi, na akiumwa kuna familia inayopata hasara.

Lengo la somo hili ni kuwawezesha wanakamati, hata wasio wataalamu wa mifugo, kuelewa karatasi ya majibu ya damu inapoletwa mbele yao, kuuliza maswali yanayofaa, na kuamua vizuri fedha za mradi zitumike wapi. Kwa wafadhili, lengo ni kueleza kwa nini ombi la hadubini na slaidi linaweza kuwa na maana kuliko ombi la katoni la dawa.

1. Kwa nini mbwa, na kwa nini Pemba

Mkulima wa Pemba anayelima muhogo, ndizi au mpunga ana maadui wawili wanaofahamika: kima na nguruwe mwitu. Kundi la nguruwe likiingia shambani usiku mmoja, linaweza kufukua kazi ya miezi kadhaa. Kwa sababu hiyo wako wakulima wanaofuga mbwa wa kulinda mashamba, na wako wasasi wanaotoka na mbwa wao kuwinda wanyama waharibifu.

Wengi wa majirani zetu kisiwani ni Waislamu, na tunajua kwamba katika mafundisho yao mate ya mbwa ni najisi. Tusiseme kwa haraka kwamba basi mbwa hana nafasi kwao. Mafundisho hayo hayo yanaruhusu mbwa wa kulinda shamba, wa kuchunga mifugo na wa kuwinda. Mfanyakazi wa mradi anayeheshimu jambo hili hatampeleka mbwa karibu na msikiti, wala hatamlazimisha mwenye mbwa kumshika mdomoni. Atapanga sehemu ya wazi, na maji ya kutosha ya kunawa.

Kwa upande wetu, Mithali 12:10 inatufundisha kwamba namna mtu anavyomtunza mnyama wake ni sehemu ya haki yake. Hapo tunakutana na jirani zetu bila ugomvi.

2. Fundisho lililotoka Pemba yenyewe

Kabla ya kuingia kwenye damu ya mbwa, tukumbuke jambo kubwa ambalo ulimwengu ulijifunza Pemba kuhusu damu ya watoto.

Kisiwa hiki kina historia ndefu ya utafiti wa minyoo, malaria na upungufu wa damu. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000 huko Wawi, Chake Chake, inabeba jina la mtaalamu wa vimelea kutoka Italia aliyefanya kazi Pemba. Mwaka 2002 lilianza jaribio kubwa la kuwapa watoto wadogo vidonge vya madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Mawazo ya wakati ule yalikuwa rahisi: watoto wana damu kidogo, chuma huongeza damu, basi wapewe wote.

Mwaka 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, yakihusu watoto zaidi ya 24,000 wenye umri wa mwezi 1 hadi 35, yalionyesha kwamba waliopewa chuma na foliki walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa hospitalini au kufa. Kisiwa kilikuwa na malaria nyingi wakati ule, na kutoa chuma kwa kila mtoto bila kupima kuliwaongezea hatari baadhi yao. Katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kupata huduma ya karibu ya malaria, wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma walinufaika.

Tunajifunza nini? Upungufu wa damu ni dalili, si jina la ugonjwa. Anayetibu dalili bila kujua chanzo anaweza kudhuru hata kwa dawa nzuri na nia njema. Kanuni hiyo inamhusu mtoto, inamhusu ng'ombe, na inamhusu mbwa.

3. Kupe na vijidudu vinavyobebwa naye

Kwanza tutofautishe maneno. Kupe ana ngao ngumu mgongoni na hukaa juu ya mnyama kwa siku kadhaa akinyonya. Papasi ni laini, hujificha nyumbani na hunyonya kwa muda mfupi usiku. Kiroboto huruka. Somo letu ni la kupe.

Kupe wa kahawia wa mbwa ameenea katika nchi zote za joto. Tofauti na kupe wengine wanaoishi majanini, huyu hupenda kukaa anakolala mbwa: nyufa za ukuta, makuti ya banda, chini ya magunia. Jike hutaga mayai kwa maelfu. Ndiyo sababu kumwosha mbwa peke yake bila kusafisha malazi yake ni kazi bure.

Kupe wanaweza kumletea mbwa maradhi kadhaa ya damu. Mawili yanatosha kwa somo hili.

(a) Babesia. Hiki ni kimelea kinachoingia ndani ya chembe nyekundu za damu, kikazaliana na kuipasua. Jina linatokana na Victor Babeș wa Romania, aliyeviona vijidudu vya namna hii katika damu ya ng'ombe mwaka 1888. Mwaka 1893 Theobald Smith na Frederick Kilborne wa Marekani walionyesha kwamba kupe ndiye anayeueneza ugonjwa huo wa ng'ombe. Wafugaji wetu wanaujua kwa ng'ombe kwa jina la mkojo mwekundu. Babesia ya mbwa ni ya aina nyingine, lakini kazi yake ni ile ile.

(b) Erlikia. Kwa usahihi hii ni bakteria, ila huishi ndani ya chembe nyeupe kama kimelea, na huletwa na kupe yule yule wa kahawia. Jina ni la Paul Ehrlich, mwanasayansi Mjerumani aliyetengeneza njia za kupaka chembe za damu rangi ili zionekane. Ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935. Katika vita vya Vietnam uliwaua mbwa wengi wa jeshi la Marekani. Afrika Mashariki nayo imeacha alama katika historia yake, kwani moja ya majina ya zamani ya ugonjwa huu ni ugonjwa wa Nairobi wa kutoka damu.

Wasomaji wa mambo ya kale watakumbuka pia kwamba Robert Koch alichunguza damu ya ng'ombe Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Aliona vijidudu vidogo ambavyo baadaye vilijulikana kuwa vya ndigana kali, lakini yeye alidhani ni hatua mojawapo ya ugonjwa ule wa mkojo mwekundu. Ikiwa Koch mwenyewe aliweza kuchanganya maradhi mawili ya kupe akiwa na hadubini mkononi, sisi tusio na hadubini tuwe waangalifu zaidi.

4. Damu ina nini ndani yake

Ukichukua damu ya mbwa katika mrija mwembamba wa kioo na kuuzungusha kwa kasi kwenye mashine ya sentrifuji, damu hujitenga. Chini hukaa chembe nyekundu. Juu yake kuna utando mwembamba mweupe, ambao ni chembe nyeupe na chembe sahani. Juu kabisa ni maji ya damu. Mrija huo mmoja unatoa habari tatu.

Habari ya kwanza ni ujazo wa chembe nyekundu. Kwa mbwa mzima mwenye afya, chembe hizo huchukua takriban asilimia 37 hadi 55 ya damu yote. Ikiwa ni asilimia 30 hadi 36, upungufu ni mdogo. Kati ya 20 na 29 ni wa wastani. Chini ya 20 ni mkubwa, na mbwa anahitaji daktari siku hiyo hiyo. Watoto wa mbwa kwa kawaida huwa na kiwango cha chini kuliko wazima.

Habari ya pili ni rangi ya maji ya damu. Yakiwa meupe au ya manjano hafifu sana, ni kawaida. Yakiwa mekundu, chembe nyekundu zinapasuka ndani ya mishipa, au sampuli ilichukuliwa vibaya. Yakiwa ya manjano iliyokolea, kuna homa ya manjano ya mwili, ambayo inaweza kutokana na kupasuka kwa chembe au ini kuathirika.

Habari ya tatu ni protini. Tone la maji ya damu huwekwa kwenye kifaa kidogo cha mkononi kinachosoma kwa mwanga. Kwa mbwa mzima kawaida ni gramu 6 hadi 8 hivi kwa desilita.

Baada ya hapo kuna hesabu za chembe kwa mashine au kwa hadubini. Chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, huwa kati ya 6,000 na 17,000 katika kila mikrolita ya damu. Chembe sahani, zinazoziba jeraha ili damu isiendelee kutoka, huwa kati ya 200,000 na 500,000.

5. Mabadiliko yanayotokea

Katika babesia, chembe nyekundu hupungua kwa kasi, wakati mwingine kwa siku chache. Maji ya damu huweza kuwa mekundu au ya manjano, na mkojo huwa wa rangi ya chai ya rangi au nyekundu. Chembe sahani nazo hushuka sana. Protini kwa kawaida haishuki sana, kwa sababu damu haijatoka nje ya mwili, imepasuka ndani. Baada ya siku tatu hadi tano mbwa mwenye nguvu huanza kutengeneza chembe changa, ambazo huonekana kubwa na zenye rangi ya samawati kidogo kwenye slaidi. Hiyo ni dalili njema: uboho wa mifupa unafanya kazi.

Katika erlikia, jambo la kwanza kuonekana ni kushuka kwa chembe sahani, mara nyingi chini ya 100,000. Homa inaweza kuja na kupita, na mbwa akaonekana amepona kwa miezi au hata miaka huku bado ana vijidudu. Akiingia hatua ya mwisho, uboho huchoka. Hapo chembe nyekundu, nyeupe na sahani hupungua zote kwa pamoja, na chembe changa hazionekani. Protini ya damu mara nyingi huwa juu, kwa sababu mwili umekuwa ukitengeneza kinga kwa muda mrefu bila kushinda. Huyu ndiye mbwa anayetoka damu puani au mwenye madoa mekundu tumboni na kwenye fizi.

Tuweke akilini pia safura, yaani minyoo inayonyonya damu tumboni. Hii haitokani na kupe, lakini ndiyo inayochanganya watu zaidi. Katika safura damu hutoka mwilini kabisa, kwa hiyo chembe nyekundu na protini hushuka pamoja. Chembe sahani hubaki sawa au hupanda. Kinyesi huwa cheusi.

Yupo pia ndorobo, anayeletwa na mbung'o. Mbung'o wa Unguja walimalizwa katika miaka ya 1990 kwa kuachia madume wasiozalisha, na Pemba haikuwa na mbung'o. Lakini mbwa aliyeletwa kwa boti kutoka bara anaweza kuwa amekuja na vimelea hivyo. Swali la "mbwa huyu ametoka wapi?" halina gharama yoyote, na liulizwe kila mara.

6. Mifano minne ya kufundishia

Mifano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya zoezi. Kamati isome mfano, ijadili, kisha ndipo isome maelezo.

Mfano wa kwanza. Mbwa wa shamba, umri miaka 2, homa nyuzi 40.5, amelala tangu jana. Chembe nyekundu asilimia 18. Maji ya damu mekundu. Protini 7.0. Chembe sahani 60,000. Mkojo mwekundu.
Maelezo: chembe zimepasuka ndani na protini haikupotea. Picha hii inaelekea babesia. Slaidi itafutwe kimelea leo hii. Huyu hawezi kungoja wiki ijayo.

Mfano wa pili. Mbwa wa msasi, umri miaka 5, amekonda kwa miezi miwili, anatoka damu puani. Chembe nyekundu asilimia 27, changa hazionekani. Maji ya damu safi. Protini 9.2. Chembe nyeupe 3,500. Chembe sahani 35,000.
Maelezo: chembe za aina zote zimepungua na protini imepanda. Picha inaelekea erlikia ya muda mrefu. Matibabu ni ya wiki kadhaa, na mwenye mbwa aelezwe mapema kwamba matumaini ni madogo kuliko angeletwa mwanzoni.

Mfano wa tatu. Mtoto wa mbwa wa miezi 3, fizi nyeupe, kupe wawili masikioni. Chembe nyekundu asilimia 17. Maji ya damu safi. Protini 4.2. Chembe sahani 420,000. Kinyesi cheusi.
Maelezo: kupe wanaonekana, lakini si wao waliomaliza damu hii. Chembe na protini zimeshuka pamoja, na chembe sahani ni nzima. Kinyesi kipimwe mayai ya minyoo. Angechomwa sindano ya babesia kwa sababu ya wale kupe wawili, dawa ya minyoo ingecheleweshwa na huenda angekufa.

Mfano wa nne. Mbwa mzima, anakula vizuri, amepimwa siku ya chanjo. Chembe nyekundu asilimia 44. Protini 6.8. Mashine inasema chembe sahani ni 90,000.
Maelezo: kabla ya kumwita mgonjwa, angalia slaidi. Chembe sahani hupenda kushikana mabonge, hasa damu ikichukuliwa polepole, na mashine haihesabu mabonge. Ukiyaona mabonge mwishoni mwa slaidi, rudia sampuli.

Kwa kituo kisicho na mashine, ipo njia ya kukadiria. Katika lenzi ya mafuta, kila chembe sahani moja inayoonekana katika uwanja mmoja huwakilisha kama 15,000 katika mikrolita. Hesabu nyanja kumi, tafuta wastani. Ukipata kumi au zaidi, hali ni nzuri. Ukipata tatu au pungufu, jihadhari na kutoka damu.

7. Mambo yanayopotosha majibu

Sampuli mbaya hutoa jibu baya hata katika maabara nzuri. Wanakamati wanaosimamia kituo wahakikishe yafuatayo:

- Damu ichukuliwe kabla ya dawa yoyote. Baada ya sindano, kimelea kinaweza kutoweka kwenye slaidi wakati mbwa bado mgonjwa.
- Tone la kutafutia babesia lichukuliwe ncha ya sikio, kwenye mishipa midogo, kwa sababu chembe zilizoambukizwa hujikusanya huko.
- Slaidi itengenezwe papo hapo, ikaushwe, ikazwe kwa methanoli, kisha ipakwe rangi ya Giemsa. Chembe zenye kimelea huwa nyingi ukingoni mwa slaidi, kwa hiyo msomaji asiangalie katikati tu.
- Damu ya kwenye kichupa chenye EDTA ihifadhiwe kwenye ubaridi na ihesabiwe ndani ya siku moja. Slaidi iliyokazwa hudumu muda mrefu na inaweza kusafiri kwa meli hadi Dar es Salaam au Morogoro bila kuharibika.
- Mbwa aliyekaukiwa maji huonekana ana chembe nyingi kuliko alizo nazo. Akipewa maji, upungufu hujitokeza.
- Kutoona kimelea si ushahidi kwamba hakipo. Erlikia huonekana kwenye slaidi kwa nadra. Na kipimo cha kinga kikisema ndiyo, kinaonyesha kwamba mbwa amewahi kukutana na kijidudu, si lazima kwamba ndicho kinachomwumiza leo.
- Mbwa mmoja anaweza kuwa na maradhi mawili kwa wakati mmoja. Aliyebeba kupe anaweza pia kubeba safura.

8. Kwa nini dawa zisichanganywe

Dawa ya babesia ya mbwa ni sindano ya imidokabu au diminazini. Dawa ya erlikia ni doksisaiklini, inayotolewa kila siku kwa muda wa wiki nne. Doksisaiklini haitoshi kuondoa babesia, na diminazini haiondoi erlikia. Diminazini ndiyo inayopatikana kwa urahisi kwa sababu hutumika kwa ng'ombe, na hapo ndipo hatari ilipo: kwa mbwa, tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ubongo ni ndogo. Mbwa apimwe uzito, na kipimo kitolewe na daktari wa mifugo. Vilevile mbwa anayetoka damu asipewe aspirini, maana huzuia chembe sahani chache zilizobaki zisifanye kazi.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimwagwe juu ya mbwa kwa kukadiria. Kupe wasipasuliwe kwa kucha, kwani wengine wanaweza kuwapa watu homa. Wang'olewe kwa kibanio karibu na ngozi, kisha watiwe kwenye spiriti.

9. Maana yake kwa kamati na wafadhili

Maombi mengi ya miradi ya mifugo huanza na dawa. Dawa inaonekana, inagawiwa, na inapigwa picha. Hadubini hukaa chumbani na haipendezi katika taarifa ya mwaka. Lakini tufikiri kama wasimamizi wa mali ya Bwana. Katoni ya dawa ikiisha, imeisha. Hadubini ikitunzwa hudumu miaka mingi, na haimhudumii mbwa peke yake. Hadubini ile ile, rangi ile ile na mtu yule yule aliyefundishwa wataweza kutambua ndigana kali, ndigana baridi na mkojo mwekundu wa ng'ombe. Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa anayesomesha watoto atanufaika na kifaa kilichoombwa kwa ajili ya mbwa.

Vifaa vya kuanzia ni hivi: hadubini yenye lenzi ya mafuta, slaidi, methanoli, rangi ya Giemsa, sentrifuji ya mirija midogo, kadi ya kusomea ujazo, na kifaa cha kupimia protini. Umeme si kikwazo kama zamani, kwa kuwa tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kwa vipimo vikubwa, zipo maabara za Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huko Temeke, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kamati isipange kujenga maabara ya kila kitu. Ipange kufanya mambo machache kwa usahihi, na kutuma yaliyobaki.

Jambo muhimu kuliko vifaa ni mtu. Hadubini isiyo na msomaji ni sanduku. Katika bajeti, fungu la mafunzo na la kurudia mafunzo lisiondolewe pale mfadhili anapopunguza kiasi. Ikibidi, bora kupunguza idadi ya vituo.

Aidha, kazi hii iunganishwe na chanjo ya kichaa cha mbwa. Pemba ilifaulu kukomesha ugonjwa huo mwaka 2014 baada ya kampeni za chanjo, ukarudi mwaka 2016 kwa kuingizwa upya, na kufikia mwaka 2018 ukadhibitiwa tena. Hii inaonyesha kwamba kisiwa kinaweza kushinda, na pia kwamba ushindi unahitaji kulindwa. Siku ya chanjo mbwa wengi huja mahali pamoja. Ni nafasi ya kuangalia fizi, masikio na kupe, na kuwaandika wanaohitaji kupimwa damu. Mbwa asiyejulikana kuwa amechanjwa asichukuliwe damu kabla ya tahadhari kamili, na wanaochukua damu wawe wamechanjwa wao wenyewe. Kazi yote ifanywe chini ya daktari wa mifugo na kwa ushirikiano na maofisa mifugo wa wilaya: Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani.

10. Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika ombi letu la mwisho la mradi wa mifugo, ni sehemu gani ya fedha ilikwenda kwenye kujua ugonjwa, na ni sehemu gani kwenye kutibu?
2. Ni nani katika eneo letu anayeweza kusoma slaidi leo? Akihama, nani atabaki?
3. Mbwa wanaolinda mashamba ya majirani zetu wanalala wapi, na nani anasafisha hapo?
4. Tumewashirikisha vipi viongozi wa Kiislamu wa shehia kabla ya kupanga sehemu ya kupimia mbwa?
5. Tukipata fedha za kitu kimoja tu mwaka huu, dawa au hadubini, tutachagua nini, na tutamweleza vipi mkulima ambaye mbwa wake anaumwa leo?

Swali la tano ni gumu, na hatukuliweka kwa bahati mbaya. Mkulima aliyesimama mlangoni na mbwa wake amefungwa kamba hatafurahi kuambiwa kwamba dawa itakuja baada ya jibu. Tumweleze kwa upole, na jibu litoke siku hiyo hiyo, maana kupima kunakochukua wiki mbili hakumsaidii mbwa mwenye asilimia 18. Kwa hiyo kamati itakayochagua hadubini iweke pia akiba ndogo ya dawa za aina zote mbili chini ya daktari, ili aliyepimwa asubuhi atibiwe kabla ya jua kuzama.

Tunawaomba makatibu wa kamati walete majibu ya maswali haya kwa maandishi katika kikao kijacho cha mradi.

Mratibu wa Miradi,
Dayosisi